Gari la EFI la zamani linachelewa kuwaka: anza hapa kabla hujanunua betri wala stata

Msimu wa korosho ukikaribia, magari yaliyolala uani tangu masika yanaanza kufufuliwa, na simu nazo zinaanza: "Kaka, Corolla yangu inachelewa kuwaka, ninunue betri au stata?" Nimelijibu swali hilo Mikindani, nimelijibu Masasi, na mwaka jana nimelijibu nikiwa msibani Chikongola huku sahani yangu ya ubwabwa inapoa. Safari hii naliandika, atakayeuliza nitamtumia asome.

Jibu fupi: usinunue kitu bado. Mwenyewe nilishanunua stata ya mtumba, nikanunua na betri mpya, gari likabaki vile vile. Ugonjwa ulikuwa waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini. Tutaufikia.

Mwongozo huu ni wa magari ya EFI, yaani ya petroli yanayotumia injekta badala ya kabureta, hasa ya miaka ya 90 mpaka mwanzoni mwa 2000: Corolla 110, Carina, Sprinter, Mark II, RAV4 za kwanza, Noah za zamani. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa huku kwetu Mtwara. Mwenye Nissan au Honda atafuata mlolongo huu huu, ila matundu ya kupimia ni tofauti.

Kwanza sikiliza

Kuchelewa kuwaka ni magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja.

La kwanza: stata yenyewe inazunguka kivivu. Unasikia nyoo… nyoo… nyoo, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Hapo ni umeme mkubwa: betri, vichwa vyake, waya nene, ethi, stata.

La pili: stata inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini injini haishiki mpaka sekunde tano, nane, kumi zipite. Hapo betri na stata viache kabisa, havina kosa. Tafuta mafuta, cheche, hewa au sensa.

Ukishindwa kutofautisha, rekodi sauti kwa simu asubuhi ya kwanza kabisa, halafu rekodi tena mchana injini ikiwa ya moto. Linganisha. Ugonjwa wa kwanza unakupeleka hatua ya 3 hadi ya 5. Wa pili unaanza hatua ya 6. Hatua ya 1 na ya 2 ni za wote.

Vitu vya kuwa navyo

- Maltimita ya dijitali. Ile ya bei rahisi ya duka la vifaa vya umeme inatosha.
- Spana namba 10 na 12, spana ya plagi, bisibisi.
- Msasa, brashi ya waya, grisi kidogo, magadi na maji ya moto.
- Waya za kubustia (kuazima umeme wa betri ya gari jingine).
- Kipande cha waya mwembamba, urefu wa kidole, kimemenywa ncha zote mbili.
- Tochi, daftari, na mtu wa kukupigia ufunguo. Mtoto mdogo asiwe huyo mtu.

Tahadhari nazo zisome kabla hujafungua boneti. Vuta handibreki, gia iwe P, au huru kama ni manyuo. Sigara weka mbali, kwa sababu ya petroli na kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe nusu dakika, la sivyo utaiunguza na utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili. Na usibusti gari dogo kutoka kwenye lori. Malori mengi yanayobeba korosho yana umeme wa volti 24, la kwako ni 12. Dereva wa Fuso atakwambia hamna shida. Kompyuta ya gari itakayokufa si yake.

Hatua kwa hatua

1. Andika linasumbua lini.

Asubuhi baada ya kulala? Au umesimama dakika ishirini sokoni, unarudi injini ikiwa ya moto, ndipo linagoma? Baada ya mvua? Tangu ulipoweka mafuta ya dumu njiani? Andika siku tatu mfululizo. Naona watu wanaipuuza hatua hii kwa sababu haina spana, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

2. Soma kodi (namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) kabla hujagusa betri.

Ukifungua kichwa cha betri, au ukichomoa fyuzi ya EFI, kumbukumbu ya kompyuta inafutika, na ushahidi unaondoka nao. Kwa hiyo hii inatangulia. Toyota nyingi za miaka hiyo zina kiboksi kidogo ndani ya boneti, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifunua, upande wa ndani kuna mchoro wa majina ya matundu. Swichi ya ufunguo ikiwa OFF, unganisha TE1 na E1 kwa kile kipande cha waya. Weka swichi ON bila kuwasha gari, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikikonyeza mfululizo haraka haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Kodi 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni ishara ya mfumo wa cheche, 31 kwa injini nyingi ni upimaji wa hewa inayoingia.

Kosa la kawaida ni kuunganisha matundu kwa kubahatisha. Soma mchoro mara mbili. Na kukosa kodi hakumaanishi gari ni zima; kompyuta hizi za zamani haziwezi kujua kwamba pampu imechoka.

3. Pima betri.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala. Volti 12.6 imejaa, 12.4 inaridhisha, 12.2 iko nusu, 12.0 karibu ni tupu. Kisha mwenzako apige stata wewe ukisoma mita: isishuke chini ya 9.6. Betri iliyokuwa imejaa ikaporomoka mpaka 8 na kitu, imechoka. Betri iliyokuwa 12.1 tangu mwanzo usiihukumu. Ichaji kwanza, upime upya.

Gari likiwaka, pima tena. Utarajie kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu na haipandi, anayekuumiza ni altaneta (inayochaji betri) au mkanda wake, na betri mpya nayo utaiua ndani ya wiki chache.

Watu husema betri hufa kwa baridi. Huku kwetu joto ndilo linaloila mwaka mzima, asubuhi za Juni na Julai zinakuja tu kuiumbua. Na wale ambao safari yao ni Shangani mpaka sokoni na kurudi, betri haipati muda wa kurudisha ilichotumia kuwasha.

4. Vichwa vya betri na ethi.

Hapa kaa, hasa kama unaishi karibu na bahari. Chumvi ya upepo haichagui gari.

Legeza kichwa cha hasi kwanza, cha chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani umwagie maji ya moto yenye magadi, utachemka na kuyeyuka. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi. Ukipaka grisi kabla ya kukaza, umeweka kizuizi mwenyewe.

Sasa ethi. Kutoka hasi ya betri, waya mnene unakwenda kwenye bodi, na mwingine unakwenda kwenye injini au giaboksi. Kwa macho unaweza kuonekana mzima kabisa. Wangu ulikuwa hivyo: mpira mweusi safi, bolti imekazwa, hata rangi ipo. Nilipoukunja kwa mkono ukalia kama majani makavu. Nilipouchana, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, nyuzi nzima zilizobaki labda robo. Stata ilikuwa inalazimika kunywea kwenye mrija uliozibwa, mimi huku nabadilisha stata.

Usiupime kwa macho, pima kwa mita. Chomoa fyuzi ya EFI ili gari lisiwake (ndiyo maana kodi tulisoma mapema). Weka maltimita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe wala si kile kichwa, ncha nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu. Ikisoma 0.2 au chini, ethi ni nzima. Ikifika 0.5 au zaidi, umeme wako unapotelea hapo. Upande wa chanya fanya vile vile: nguzo ya chanya ya betri mpaka bolti kubwa ya stata, isizidi 0.5.

Huna mita? Chukua waya mmoja wa kubustia, funga upande mmoja hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini. Rudisha fyuzi, piga ufunguo. Kama stata imechangamka ghafla, umepata jibu bila kununua kitu.

5. Stata yenyewe.

Ukifika hapa betri nzima, waya nzima, na bado inazunguka kivivu, sasa ishuku. Washa taa kubwa, piga ufunguo. Taa zikififia sana na stata inavuta kwa shida, kaboni, bushi au kile kinachozunguka ndani ya stata vinakwama. Taa zikibaki na mwanga wake na unasikia "ta!" moja tu, angalia vile vipande vya shaba ndani ya otomatiki ya stata, ile swichi yake iliyofungwa ubavuni. Kwenye Toyota hulika upande mmoja, na vinabadilishwa vyenyewe bila kununua stata nzima. Fundi akikwambia havipatikani, tembea gereji ya pili.

Kuigonga stata kwa mpini wa nyundo ikawaka ni kipimo, si matibabu. Ikiitikia kugongwa, ishushe ifunguliwe.

6. Pampu na presha ya mafuta.

Hapa ndipo ugonjwa wa pili unapoanzia, na ndipo penye kesi nyingi za "asubuhi lazima nipige mara tatu".

Ukizima gari lenye afya, presha inabaki imefungiwa kwenye mabomba ili kesho injekta zipulize mara moja. Ikivuja usiku kucha, stata inazunguka bure mpaka pampu ijaze upya. Watu wameambiwa: weka ON, subiri, zima, rudia mara tatu, kisha washa. Kwa Nissan na Honda ni kipimo kizuri, maana pampu zao hupiga sekunde chache ukiweka ON. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 90 hakifai kitu, kwa sababu pampu yake haipigi mpaka stata ianze kuzunguka. Utarudia ON hata mara kumi na hutakuwa umejaza chochote, halafu utasema "pampu si tatizo, nimeshapima".

Kwa Toyota, rudi kwenye kile kiboksi. Asubuhi, kabla ya kugusa kitu, unganisha +B na FP, weka swichi ON. Pampu inapiga bila injini kuwaka. Sikiliza kwa siti ya nyuma au mdomo wa tanki, utasikia mluzi mwembamba. Subiri sekunde 10, zima swichi, toa waya, kisha washa kama kawaida. Likishika papo hapo wakati jana lilichukua sekunde nane, presha yako inavuja. Rudia asubuhi mbili zaidi ili usidanganywe na bahati. Usitembee na waya huo umeunganishwa. Ukipata ajali, pampu itaendelea kumwaga mafuta.

Pampu isipolia kabisa, angalia fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha), kisha pampu. Ikilia kwa waya lakini ukipiga ufunguo iko kimya, ishuku rilei yake.

7. Presha inavujia wapi?

Anza na reguleta, kidhibiti cha presha ya mafuta; kuikagua ni bure. Iko mwisho wa bomba la injekta, ina kampira kembamba kanakoelekea kwenye manifodi ya hewa. Kachomoe. Ndani pakiwa na petroli au harufu kali ya petroli, utando wa reguleta umepasuka, badilisha.

Kama ni pakavu, toa plagi asubuhi kabla ya kuwasha. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, injekta ya silinda hiyo inadondosha usiku. Dalili yake nyingine ni moshi mweusi kidogo ukiwaka, na harufu ya petroli.

Reguleta haivuji, plagi zote kavu, hakuna matone chini ya gari? Mara nyingi inayobaki ni vali ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi, na hiyo iko kwenye pampu. Kwa kawaida inakuja na pampu mpya.

Filta ya mafuta usiisahau, hasa kama gari linapanda Newala au Tandahimba na umezoea petroli ya dumu. Filta iliyoziba hata ukishawasha huonekana: gari linakosa nguvu mlimani. Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa fyuzi ya pampu, liache liungurume mpaka lizime lenyewe, kisha legeza bolti ukiwa umeifunika kwa kitambaa. Injini iwe imepoa. Bomba hizi si za kabureta. Yale mafuta yanaruka mpaka usoni.

8. Sensa ya joto la maji.

Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta injini imelala au ina moto. Ikidanganya, asubuhi mafuta yanatoka kidogo au mchana yanatoka mengi mno. Kwenye Toyota ile ya kompyuta ina nyaya mbili. Ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, usizichanganye. Chomoa soketi, pima omu. Asubuhi ya Mtwara, nyuzi 25 hivi, utarajie karibu omu 1,500 hadi 2,500. Injini ikiwa ya moto, nyuzi 80, ni 200 hadi 400. Ikibaki pale pale baridi na moto, imekufa. Kabla hujainunua, angalia soketi: ukijani ndani yake unatosha kuleta ugonjwa huo huo.

9. Cheche.

Kwa gari la distribyuta (kinachogawa cheche kwenda kwenye plagi), fungua kifuniko chake. Ndani ukikuta mistari myembamba myeusi au shaba zilizolika, badilisha kifuniko na rota (kile kinachozunguka ndani yake) pamoja. Waya za plagi zipime usiku wa masika: zima taa zote za uani, liwashe, fungua boneti utazame bila kugusa. Ukiona vicheche vya bluu vikitambaa juu ya waya, umeme haufiki kwenye plagi. Gari la namna hii kiangazi halina shida, mvua ya Januari ndiyo inayolitoa siri.

10. Pedali.

Kama linawaka tu ukikanyaga mafuta, na ukiachia linazima, shida ni hewa: throtobodi (mlango wa hewa ya injini) chafu au vali ndogo ya hewa imekwama. Safisha kwa dawa ya throtobodi na kitambaa. Gari la EFI zima haliombi kukanyagwa wakati wa kuwasha, na kupampu pedali hakuongezi mafuta kama kwenye kabureta.

Umepita kote na bado linasumbua?

*Stata nzito injini ikiwa ya moto tu, na inapigwa nyuma kama inakataa.* Uliza nani mara ya mwisho alizungusha distribyuta kwa sikio. Taimingi (wakati wa cheche kupiga) iliyosogezwa mbele sana inafanya hivyo. Irekebishwe kwa taa ya taimingi, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Kwa injini kama 5A-FE ni nyuzi 10.

*Linagoma likiwa la moto, likipoa nusu saa linawaka, stata ina nguvu.* Pima cheche wakati ule ule linapogoma, si baadaye. Hakuna cheche: koili (inayozalisha umeme wa cheche), au sensa ya mzunguko ndani ya distribyuta inakufa ikipata joto. Cheche ipo: rudi hatua ya 8.

*Limelowa mafuta, linanuka, haliwaki.* Kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie, piga stata sekunde chache. Magari mengi hukata mafuta hapo na kuingiza hewa. Likishika, achia taratibu.

*Betri ni nzuri jioni, asubuhi imekufa.* Kuna kitu kinakula usiku. Zima kila kitu, subiri nusu saa, weka mita ya ampea kati ya hasi na waya wake. Ikizidi milliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Anza na ya redio na ya zile taa za urembo alizofunga kijana wa mtaani. Usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaiunguza.

*Kila kitu kizima, linachelewa tu, na oili linakula.* Peleka likapimwe kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Na fundi akianza kulaumu oili ya 20W-50 kwa kuwaka kwa shida, mkumbushe kwamba yuko Mtwara kwenye joto, si kwenye nchi ya barafu.